Fizi zikitoa damu ndo usiache kupiga mswaki

Jamaa zangu kibao, watu wa miaka ishirini na kitu, wakitema povu likawa na rangi ya pinki wanasema aah mswaki tu mgumu huu, halafu ile sehemu inayotoa damu ndo wanaikwepa kabisa, wiki nzima haiguswi. Sasa hapo ndo wanaharibu. Mara nyingi fizi inatoa damu sababu ya ukoga, ule utando wa bakteria unaong'ang'ania pale jino linapokutana na fizi, ukiuacha siku kadhaa unakuwa mgumu kama saruji na mswaki hauutoi tena, mpaka daktari wa meno aukwangue. Fizi ikivimba tu bado inapona vizuri, ila ugonjwa ukishuka kwenye mfupa unaoshika jino, mfupa ulioliwa haurudi wenyewe, na ubaya wake wengi hawasikii maumivu mpaka jino lianze kucheza.

Wavuta sigara nao wasijidai eti fizi zao hazitoi damu, nikotini inabana mishipa kwa hiyo ugonjwa unajificha.

Mi natumia mswaki laini, naulaza kidogo kuelekea kwenye fizi, nasugua taratibu dakika mbili asubuhi na usiku, katikati ya meno napitisha uzi. Mswaki wa mti nao uko poa, shida watu wanasugua meno ya mbele tu, magego yanasahaulika. Na bablishi ya minti kabla ya deti inaficha harufu tu jamani, ukoga uko palepale.