Sinia la chai

Jana nimelala saa nane usiku kwa sababu ya mzee mmoja wa Kiingereza, David Croft, aliyefariki 2011.

Nilianza na kipindi kimoja tu cha Dad's Army, nikajikuta niko kwenye cha sita. Ni vichekesho vya BBC kuhusu wanaume wa mji mdogo wa pwani ya Uingereza, wengi wao wazee, waliojitolea kulinda nchi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: silaha haba, maneno tele. Vipindi 80, kuanzia 1968 hadi 1977. David Croft aliviandika na mwenzake Jimmy Perry, akavitayarisha, na vingi akaviongoza mwenyewe. Mwigizaji Arnold Ridley alikuwa na miaka 72 walipoanza, na mwilini ana majeraha ya mapigano ya Somme, ya vita vile vya kwanza. Wakampa kuwa askari Godfrey, yule mpole ambaye kila mara huomba ruhusa ya kwenda msalani.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni mwisho wa kipindi. Yanatokea maandishi, "Mmekuwa mkitazama," kisha waigizaji wanapita mmoja mmoja, uso na jina, bila haraka. Croft aliyatumia maneno hayo katika kazi zake nyingi mpaka yakawa saini yake.

Nikatafuta habari zake. Mama yake, Annie Croft, alikuwa nyota wa jukwaani. David mwenyewe, kijana wa miaka 16 hivi, aliigiza sehemu ndogo katika filamu Goodbye, Mr. Chips ya 1939. Jina lake halikuandikwa. Baadaye jeshi la mizinga hadi cheo cha meja, maonyesho kwenye kambi za likizo za Butlin's, televisheni ya Tyne Tees, ndipo BBC. Sisemi yule kijana asiyetajwa ndiye aliyeizaa saini ile. Nahisi tu.

Mimi nami niliwahi kupita kwenye tamthilia ya runinga na sinia la chai, nikasema, "Karibu, mzee." Mama aliita majirani waje kuona. Majina yakapita mbio kama daladala iliyojaa, langu halimo. Kimya. Mama akasema huenda lilipita alipopepesa macho. Majirani wakakubali, mmoja akauliza kama kuna chai.

Nikaenda kuileta, kwenye sinia.