Mara mbili kwa kila mzunguko

Pale Mpunguzi, ukiiacha barabara ya Iringa kuingia njia ya mashambani, kuna kona ya kushoto yenye mchanga. Mwezi Agosti nilikata kona hiyo nikiwa na kreti za zabibu nyuma, nikalegeza mikono ili usukani urudi wenyewe kama ulivyozoea. Haukurudi. Gari liliendelea kukata kushoto kuelekea kwenye miba, nikalazimika kuuvuta kwa mikono miwili. Mdogo wangu aliyekaa pembeni alishika dashibodi, hakusema kitu.

Gari lenyewe ni Land Rover 110 ya mwaka 1996, injini 300Tdi, alituachia marehemu baba. Baada ya msiba lilikaa chini ya mkwaju misimu miwili ya mvua, na katikati yake kiangazi cha Dodoma na vumbi lake lote. Nililifufua mimi na ninaliendesha mimi. Usukani wake haukuwahi kuwa mwepesi kama wa gari dogo, lakini enzi za baba hata mama aliweza kuugeuza gari likiwa limesimama.

Gereji ya kwanza niliyokwenda walifungua boneti, wakazungusha usukani mara moja, wakasema imekufa pampu ya pawa stelingi, ule mfumo wa oili unaolainisha usukani. Nikatoa shilingi 420,000, pampu ikabadilishwa, nikaomba wanirudishie ya zamani. Siku mbili nilijiaminisha kwamba gari limepona. Jumamosi nikaenda kuegesha soko la Majengo, na kabla sijamaliza kuingia kwenye nafasi viganja vilikuwa vinauma. Nilirudi nyumbani na uchungu wa ile pesa, nikaapa hakuna shilingi nyingine itakayotoka mpaka nijue uzito unakaa wapi.

Nilianza na vitu visivyo na gharama. Upepo wa tairi za mbele ulikuwa psi 28, sawasawa. Mkanda wa pampu ulikuwa umekaza, hauna nyufa. Oili ilikuwa usawa wake, haina povu. (Kama mtu atakushauri ujazilize oili ya breki kwenye pawa stelingi, kataa kabisa: inavimbisha sili za mpira, na hapo utakuwa umejitafutia uvujaji.) Kisha nikakaa kwenye kiti, injini inanguruma, nikageuza usukani polepole kabisa, nikisikiliza kwa mikono.

Nikagundua kitu. Uzito haukuwa sawa muda wote. Unakaza, unaachia, unakaza tena, unaachia. Mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa usukani, sehemu zilezile. Nikafunga kitambaa chekundu juu ya usukani niwe na alama, nikarudia. Ukazo ulikuja kitambaa kikiwa kulia, na tena kikiwa kushoto. Nikakanyaga mafuta kidogo, hakuna kilichobadilika. Pampu iliyochoka kwa kawaida hufanya usukani uwe mzito injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, halafu ukiongeza mafuta unalainika. Wangu haukujali mafuta hata kidogo.

Nikampelekea habari hiyo fundi mzee wa Chang'ombe aliyekuwa akilitengeneza gari hili enzi za baba. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mama, ndipo nikamweleza. Aliposikia "mara mbili kwa mzunguko" aliweka kikombe cha chai chini.

"Nani kakwambia uhesabu?"

"Hakuna, mzee. Nimesikia tu mikononi."

"Basi twende, mwanangu. Lakini hatufungui kitu kwa kubahatisha."

Alipiga jeki ekseli ya mbele mpaka magurudumu yote mawili yakawa hewani, injini imezimwa. Nikageuza usukani: ukazo uleule, pale pale. Kwa hiyo si tairi wala mchanga. Kisha akafungua ile rodi ya mbele inayotoka kwenye stelingi boksi, lile boksi la gia linalopokea mzunguko wa usukani, kwenda gurudumu la kushoto. Hakutumia patasi. Aliweka nyundo moja nyuma ya jicho la rodi, akapiga kwa nyingine upande wa pili, mapigo matatu, boljointi, yaani kiungo cha ncha ya rodi, ikaachia bila kuchanika mpira wake.

Sehemu hii naipenda, maana hapo gari liligawanyika mara mbili. Upande mmoja kuna magurudumu, kingipini ambazo magurudumu hugeukia, na tairodi ya nyuma ya ekseli inayoyaunganisha. Upande wa pili kuna usukani, shafti yake na stelingi boksi. Aliniambia nisukume gurudumu kwa mikono. Likaenda kulia na kushoto kwa uzito mmoja, laini, na lenzake likalifuata. Kama kingipini zingekuwa zimekauka au zimekazwa kupita kiasi, ningezihisi hapo hapo. Nikarudi kwenye kiti nikageuza usukani ambao sasa haukushika gurudumu lolote. Bado unakaza. Mara mbili.

Kati ya usukani na boksi kuna shafti fupi yenye viungo viwili vyenye umbo la msalaba ndani, mafundi wanaviita krosi, ndugu wa zile za propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Kiungo hicho hukunja upande mmoja, kisha wa pili, mara mbili kila kinapozunguka. Mhimili wake mmoja ukikauka, ukazo nao unakuja mara mbili. Fundi alichora alama za chaki kwenye shafti ili usukani urudi ukiwa umenyooka, akazitoa boliti kabisa, maana kwenye gari hili zinakaa ndani ya mfereji wa shafti na kuzilegeza tu hakutoshi. Krosi ya chini ikatoka.

Akaniwekea mkononi. Upande mmoja inakunja kama bawaba. Upande mwingine nilitumia nguvu zote za vidole na ikasogea kwa kukwaruza, na unga mwekundu wa kutu ukamwagika kiganjani. Sindano za beringi ndani zilikuwa zimeoza: vumbi, kisha maji ya mvua, kisha kukaa bila kuzungushwa.

Nilimuuliza kama hatuwezi kuiloweka kwenye oili mpaka iachie. Alikataa kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. Italainika leo, akasema, itakauka tena ukiwa mteremkoni Kondoa na watu nyuma. Tukanunua mbili mpya, shilingi 65,000 kila moja, na ya juu ikabadilishwa pia kwa kuwa umri ni mmoja. Boksi lenyewe tuliligeuza kwa mkono likiwa halijashikwa na shafti wala rodi. Lilikuwa laini mwanzo hadi mwisho.

Sasa nikikata kona, usukani unarudi wenyewe kupitia viganjani. Sili ya chini ya boksi inalowa kidogo, hiyo nitaifanya kabla ya mvua za Desemba. Pampu ya baba ipo kwenye rafu jikoni, nimeifunga midomo kwa nailoni vumbi lisiingie.