Siku moja kazini, kurekebisha tovuti ya saccos

Saa mbili asubuhi nishafika ofisini Kijitonyama, chai na chapati kwanza. Kazi ya leo ni tovuti ya saccos moja, wanachama wanalalamika fomu ya mkopo haisomeki.

Saa tatu naweka mausi pembeni, natumia kibodi tu, Tab, Tab, Tab, nione kama nitafika kwenye kitufe cha kutuma. Sifiki. Aliyeitengeneza kaondoa ule mstari unaoonyesha umefika wapi, eti unaharibu muonekano, sasa mtu ambaye mkono wake haushiki mausi atajuaje?

Saa nne, rangi. Maandishi ya kijivu hafifu (#999) juu ya nyeupe, yana utofauti wa 2.8 kwa 1 wakati WCAG, ile miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na kila mtu, wanataka angalau 4.5. Nikaweka kijivu kilichokolea (#595959), inafika 7. Dizaina kanuna, nikamwambia toka nje na simu usome juani. Karudi hajabisha.

Saa tano kaja jamaa anayetupimia, haoni kabisa, anatumia NVDA, ile programu ya bure ya kusoma skrini aliyoianzisha Michael Curran wa Australia, naye haoni. Hapa ndo patamu. Kompyuta ikaanza kusoma Kiswahili kizungu-kizungu, hatuelewi kitu, kumbe juu kabisa kwenye html, msimbo wa ukurasa, wameandika lang="en", yaani lugha ni Kiingereza. Tukaweka "sw", Kiswahili, ikasoma vizuri. Ikaja orodha ya linki: soma zaidi, soma zaidi, soma zaidi. Jamaa akacheka, "Kaka, zaidi ya nini?" Halafu riba na masharti yote, yaani kitu ambacho mtu kakifuata pale, yako ndani ya picha ya tangazo lililoskaniwa lenye mhuri, programu ikafika pale ikasoma jina la faili ikapita zake.

Saa saba wali maharage.

Mchana wote nachapa lile tangazo upya, na "mwombaji anatakiwa kuwasilisha nyaraka zifuatazo" nimeifanya "lete hivi".

Saa kumi na moja mteja katuma meseji, kasifia, ila bosi anauliza picha zilizokuwa zinajibadilisha zenyewe pale juu zimeenda wapi. Nimemjibu zitarudi kesho, zikiwa na kitufe cha kuzisimamisha.