Siku yangu moja na wageni: Arabuko, Watamu mpaka Gede

Saa kumi na moja alfajiri
Kaskazi hii hata alfajiri unaamka umelowa jasho. Chai ya rangi mbio mbio, mahamri nayatia mfukoni, napanda tuktuk kwenda kuwachukua wageni ninaowatembeza leo, mama mmoja wa Nairobi na vijana wake.

Saa kumi na mbili na nusu
Tuko ndani ya Arabuko-Sokoke. Msitu huu una kama kilomita za mraba 420, ndio mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki, na wangapi wa hapa Malindi wanaupita tu na matatu ya Mombasa hata shingo hawageuzi. Kale kadogo kakaniuliza, "Anko, simba wako wapi?" Nkamwambia simba hakuna, we tega sikio. Mara majani makavu chakacha chakacha, kumbe sengi huyo, kanyama kadogo kama panya, pua ndefu inafukua fukua, tako rangi ya dhahabu, katuona tu kakatimka. Mama akasema kumbe panya nae ana urembo. Nkamwambia huyo si panya mama, kwa ukoo yuko karibu zaidi na ndovu. Akacheka sana, alidhani namtania.

Saa nne
Watamu. Leo bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana, na huku kwetu bamvua maji hukupwa mida hii ya asubuhi, ndio maana nimewakimbiza kutoka msituni, manake ukichelewa unayaona majabali kwa mbali tu. Nawaambia kila siku msije na ndara, jiwe hili linakata. Tukapita chini kwa chini, hapo mawimbi yamelila jabali mpaka limekuwa na paa juu ya kichwa chako, na vile visiwa vidogo vimebaki kama uyoga, shingo nyembamba kichwa kipana. Ukisogeza uso unaona mistari ya matumbawe iliyojikunja ndani ya jiwe, na makombe yamenasa humo humo. Yalikuwa matumbawe hai haya, zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, iliposhuka yakaachwa nje.

Saa saba
Wali wa nazi na samaki. Jua kali, hakuna wa kuongea.

Saa nane na nusu
Gede, magofu ya mji wa kale, na hapa mchana ndio penyewe, miti mikubwa, kivuli, kima wanakodolea mifuko ya watu. Mji huu UNESCO wameuingiza kwenye urithi wa dunia 2024, ilikuwa wakati. Nikaanza maelezo yangu ya msikiti na jumba la mfalme, yule mdogo hanisikilizi, kabandika uso ukutani. "Anko, ile mistari ya baharini iko hapa pia!" Eeh, kuta ni matumbawe, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Baada ya hapo hakuna ukuta alouacha, akaturudisha nyuma kila saa, mama yake kachoka mie nafurahi.

Saa moja usiku
Nimeoga, meseji imeingia, wageni wa kesho wanataka majabali saa kumi jioni. Nimewajibu saa hiyo maji yamejaa, waje asubuhi ama walete kofia za kuogelea.