Simu nyeusi iliyonigomea kwenye turubai

Nachora mfululizo wa picha za vitu tuli kwa kumkumbuka Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba. Sichori watu, vitu tu: pasipoti, glasi, kisahani cha majivu, na simu ya mezani ile ya kuzungusha namba. Vingine vyote vilikubali. Simu ikagoma.

Kila nikiipaka nyeusi ya kwenye tyubu, inageuka shimo katikati ya meza. Nikiongeza nyeupe, inakuwa kama imemwagiwa unga. Nimeifuta kwa kitambaa mara tatu, na rangi za mafuta si bei ya mchicha.

Kumbe kwanza ilikuwa taa. Balbu ya dari na dirisha vilikuwa vinagombana. Nikakata boksi la televisheni ubavu mmoja, nikapanga vitu ndani, nikabakiza taa moja ya manjano kushoto. Hapo ndipo nikaona simu yenyewe wala si nyeusi: chini yake kulikuwa na wekundu uliorudishwa na kitambaa cha meza.

Nyeusi ya tyubu nikaiweka kando. Nikachanganya bluu ya altramarini na kahawia nzito. Kahawia ikizidi upande wa taa, bluu ikizidi kivulini. Nyeupe tupu nikaigusisha mara moja tu, nukta ndogo kama punje ya mchele, juu ya mkono wa simu.

Ikakaa mezani. Sasa nahangaika na glasi.