Vocha Tano na Karabai Sita

Doto alirudi kutoka kazini Ijumaa iliyopita akiwa na bahasha yenye utepe, na ndani yake kadi ya manunuzi, zawadi ya kufunga mwaka, ya duka ambalo tawi lake la karibu nasi hapa Mwanza liko Dar es Salaam. Aliiweka mezani karibu na bakuli la sato, akaniuliza, "Mama, hii nikaifanyie nini?" Kabla sijajibu alikwisha kunisomea kutoka kwenye simu yake kwamba huko Marekani yapo maduka ya rehani yanayonunua kadi za zawadi ambazo wenyewe hawazitaki, ambayo huhakikisha kwanza salio lililomo, kisha humlipa mwenye kadi fedha taslimu pungufu ya thamani iliyoandikwa. Alisoma kwa mshangao, kana kwamba anasoma habari za watu wa mwezini, nami nikajifanya natafuta mwiba.

Mwaka 2014 ulipokuwa ukielekea ukingoni, kiwanda cha minofu ya sangara nilichokuwa nikikifanyia kazi kiliwapa wafanyakazi wa muda mrefu vocha tano kila mmoja, za shilingi 20,000 kila moja, za duka kubwa la kujihudumia pale mjini, badala ya fedha tuliyoizoea. Kulwa na Doto walikuwa wamefaulu pamoja kwenda kidato cha kwanza, jambo ambalo kwa mzazi wa mapacha ni furaha moja yenye gharama mbili. Ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mtoto, na juu yake sare, madaftari na mchango wa madawati, na hakuna mhasibu wa shule anayepokea jemu.

Ndipo katika wiki ya kwanza ya Januari nikaenda soko la Mlango Mmoja, nyuma ya wauza mitumba, kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza vifaa vilivyotumika na kuwawekea watu bondi, yaani rehani. Nilimwamkia, akaitikia kwa "mwangaluka" iliyovutwa taratibu, nikamwambia nina vocha. Akanielekeza kibanda cha jirani, akidhani ninazungumzia vocha za simu.

Nilipozitoa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Wakati akizikagua nilikuwa na nafasi ya kutazama vitu vya watu: runinga za chogo, pasi, cherehani moja isiyo na mkanda, sabufa zenye karatasi za majina, na chini ya meza injini ya boti iliyokuwa ikinuka petroli. Juu ya rafu zilipangwa karabai sita, taa za kuvutia dagaa usiku. Aliniona nikizitazama, akasema kwamba hizo hazikai sana. Wavuvi wa dagaa huzileta mbalamwezi inapowazuia kwenda ziwani, na giza likirudi huja kuzikomboa. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, hata mawe ya kule kwetu Mabatini yalikuwa yakionekana moja moja.

Kwenye pembe ya vocha ya pili palikuwa pameganda gamba la sangara. Sijui lilifikaje humo, ila tuliofanya kazi kiwandani tulikuwa tukiyakuta magamba hata ndani ya kitabu cha sala. Mzee alilibandua kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, asije akakwangua na namba, na likaacha alama ya mafuta yenye umbo la nusu mwezi. Kisha akampigia simu mtu wake aliyekuwa ndani ya lile duka, akamsomea namba za vocha zote, tarakimu baada ya tarakimu, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani hadharani, huku mimi nikisubiri kana kwamba ipo inayoweza kufeli.

"Ulitaka kuweka bondi au kuuza moja kwa moja?" akauliza, na kabla sijajibu akageuza vocha na kunionyesha maandishi madogo. "Kuweka haiwezekani, mama. Karabai ikikaa hapa mwaka mzima itabaki karabai. Hizi tarehe 31 zinakuwa karatasi."

Akaniambia atatoa shilingi 13,000 kwa kila moja, kwa kuwa duka halirudishi chenji na atakayezitumia atalazimika kununua asichokihitaji ili kuzimaliza. Nilitaja 16,000, akatabasamu tu. Alinunua nne. Ya tano aliisukuma kwa kidole hadi upande wangu wa meza, kwa sababu meneja alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu ya bluu: "Kwa Mama Kulwa, kwa moyo wako." Alisema hanunui kitu chenye jina la mtu, maana kesho atakuja askari kuuliza. Nikapokea wekundu watano na noti moja ya simba, nikaondoka na ile yenye moyo wangu.

Ada ililipwa siku hiyohiyo. Mwaka uliofuata, Januari 2016, serikali ikaifuta, na sikujua nifurahi kwa sauti gani.

Tarehe 31 Januari ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda kuitumia ile ya tano, nikajaza kikapu hadi shilingi 18,700, na keshia akanionyesha peremende za kufidia zilizobaki. Mbele yangu alikuwa amesimama mama mmoja mwenye mifuko ya sukari na madumu ya mafuta ya kula, na mkononi ameshika vocha nne, ya juu ikiwa na nusu mwezi wa mafuta kwenye pembe. Alinigeukia kwa uchangamfu.

"Dada, na wewe yako umenunua kiasi gani?"

Sijui kwa nini sikusema nimepewa. Nilisema, "Elfu kumi na nane."

"Wamekupiga," akasema, kwa huruma ya kweli. "Mimi mume wangu huwa ananiuzia kumi na saba. Ana duka lake pale Mlango Mmoja."

Nilizihesabu zile peremende mara mbili ili nisimtazame usoni.

Doto alikuwa bado ameishika kadi yake, akisubiri. Nikamwambia aanze kwa kutazama tarehe, kisha atazame kama wameandika jina lake.

"Wameandika," akasema.