Sato wa asubuhi

Jumamosi, Kirumba.

Leo baba amefunga vifungo vya shati mwenyewe, hata kile cha shingoni ambacho huwa ananiachia. Alfajiri nilimkuta amekaa kitandani, kidole gumba na cha shahada vinasuguana kama mtu anayehesabu noti. Saa kumi na mbili na nusu akameza levodopa, dawa yake ya ugonjwa wa Parkinson, kwa maji. Saa moja na robo anatafuta kofia.

Mwaka jana tulikuwa tunampa kidonge pamoja na kiporo cha sato, maana kwetu dawa haimezwi na njaa. Siku nyingine inashika, siku nyingine ni kama kala pipi. Tukasema dawa feki. Shangazi akasema mengine, nayaacha. Kumbe samaki! Daktari alitueleza kwamba protini na levodopa hugombea mlango mmoja, kwanza utumboni, kisha tena kwenye kuingia ubongoni. Sato akitangulia, kidonge kinasubiri nje. Basi akatupangia: dawa nusu saa kabla ya kula, au saa nzima baada ya kula, na samaki ahamie usiku. Baba amekula samaki tangu anaota meno. Alimtazama yule daktari kama kaambiwa ahame ziwa.

Kinachoniuma ni jambo jingine. Siku moja alitapika, tukamkimbiza zahanati, akapewa metoklopramaidi, dawa ya kuzuia kutapika. Kesho yake alikuwa mkavu kama ubao wa mtumbwi, hata kugeuka kitandani hawezi. Dawa ile huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, hiyo hiyo tunayohangaika kumwongezea kwa levodopa. Hawakuuliza anatumia nini, na mimi sikusema. Siku hizi mfuko wake wa shati una karatasi: majina ya dawa, miligramu, saa. Na vidonge vikibaki vya wiki moja nashuka famasi, sisubiri viishe. Kukatisha ghafla kunaweza kumletea homa kali na mwili kukakamaa, mambo ya kulazwa.

Saa saba kasoro simu imelia. Amemeza. Akataka kuinuka mara moja, nikamshika bega, kwa sababu presha humshuka akisimama haraka. Kwa jirani dagaa walikuwa kwenye mafuta.

"Bado nusu saa, baba. Na ni maharage kidogo tu, dagaa usiku."

"Wewe angalia saa, mwanangu. Mimi nasikia harufu."